Namba Sita za Mama Mkwe

Fundi cherehani aliingia dukani kwangu saa tano asubuhi, anatweta kama aliyefukuzwa na nyuki. Kazi yangu ni kuwajazia watu ritani za kodi kwa mtandao, na wateja wangu wote, Mungu awabariki, huikumbuka serikali siku ya mwisho. Yeye alikuwa na la ziada: zabuni ya kushona sare za shule ilikuwa inafungwa saa sita, na bila cheti cha kodi angebaki na viraka vyake.

Tukajaza kila kitu. Nikabonyeza kuwasilisha. Mtandao ukadai namba ya uthibitisho iliyotumwa kwenye simu.

"Mbona haijaja?"

"Ulijisajili kwa simu ya nani, fundi?"

Akajikuna kisogo. "Ya mama mkwe. Yangu siku ile ilikuwa imetumbukia ndooni."

Akampigia. Simu yake haisikiki mpaka uweke sauti ya nje, kwa hiyo foleni nzima ikanyamaza kwa heshima ya umbea.

"Shikamoo mama. Ni mkweo. Kuna namba sita zimeingia hapo..."

"Tapeli! Redioni wametuonya. Namba hapewi hata mtoto wa kumzaa!"

"Mama, ni mimi kweli."

"Mkwe wangu hapigi simu. Mwaka wa pili huu hajui kama niko hai. Sauti umeipatia baba, tabia umekosea."

"Fundi," kinyozi mmoja akasema kutoka kwenye foleni, "leo umepimwa kwa futi yako mwenyewe."

Namba ikaisha muda. Nikaomba nyingine.

"Haya," mama mkwe akasema, "kama ni wewe, siku ulipokuja kujitambulisha, ulipoinama kunisalimia kulitokea nini?"

Fundi akaitazama foleni. Nusu yao walikuwa wateja wake. Saa ya ukutani ilisema bado dakika kumi.

"Suruali ilipasuka," akanong'ona.

"Sikusikii, tapeli!"

"SURUALI ILIPASUKA, MAMA! Nyuma!"

"Aliishona nani?"

"Mimi," fundi akakiri.

"Ndiye! Mkwe wangu, hujambo? Wajukuu wazima? Yule mdogo ameota meno?"

"Mama, namba!"

"Salamu kwanza."

Akasalimia, kuanzia meno ya mjukuu hadi goti la mama lenye maumivu. Ndipo akasomewa namba mojamoja, kama anayetolewa miiba. Cheti kikatoka zikiwa zimebaki dakika nne. Zabuni ikaingia ikiwa imebaki moja. Foleni ikapiga makofi.

"Sasa," nikamwambia fundi, "tubadilishe namba iwe yako, yasitukute tena mwakani."

Kumbe simu ilikuwa bado hewani.

"Wewe wa kompyuta! Thubutu! Angalau kodi itanipigisha soga na mkwe wangu mara moja kwa mwaka."

Fundi alinitazama, nami nikamtazama. Nikaondoa mkono kwenye kipanya. Mimi nimeshatozwa faini za kila aina, na ya mama mkwe haina risiti.