Dawa ya Baba Lois

Mwaka wa pili tangu kumbukumbu za Philemon zianze kupotea, aliacha kumwita mkewe kwa jina. Mkamburi akawa "dada" tu, kama mtu aliyekuja kusaidia kazi pale nyumbani kwao Bura.

Binti yao, Lois, alikuwa China akisomea ufamasia. Siku moja alimweleza mamake kwa simu kazi yao ya maabara: bakteria wanaoishi utumboni, jinsi wanavyoweza kugusa hadi ubongo, na mitishamba ya Kichina waliyowapa panya wasahaulifu. Baadhi ya panya walianza kukumbuka njia tena.

"Nitumie hiyo dawa," Mkamburi alisema.

"Mama, hao ni panya. Kwa watu bado hatujui."

Mkamburi hakubisha. Kesho yake alishuka Voi, akaulizia duka la dawa za Kichina, akarudi na pakiti ya mizizi na maganda. Aliichemsha, akaonja yeye kwanza. Uso ukamkunjika kwa uchungu. Philemon alikunywa bila kulalamika.

Siku ya nne, tumbo lililokuwa limefunga wiki nzima likafunguka. Akala kimanga, muhogo uliopondwa na maharagwe, sahani mbili. Mkamburi alikaa mbele yake akimtazama mdomo, akingoja jina lake litoke.

"Asante, dada," Philemon akasema.

Lois alipopiga simu, Mkamburi alimwambia ukweli. Binti akauliza:

"Umempa pamoja na dawa zake za presha?"

"Pamoja."

"Acha leo, Mama. Mpeleke hospitali, na hiyo pakiti uibebe."

Daktari alikuta presha imeshuka kuliko kawaida. Akawaambia waiache mizizi ile. Mkamburi alitii, lakini alilia njia nzima ya kurudi, kwa sababu siku zile nne alikuwa amejiruhusu kumngoja mumewe.

Jumapili walikaa nje, Philemon akitazama barabara.

"Dada, mke wangu amechelewa."

Mkamburi alitaka kusema, ni mimi. Lakini alishasema mara nyingi, na kila mara Philemon aliingiwa na hofu.

"Baba Lois, hebu nisimulie juu yake," akamwambia.

Philemon akatabasamu. Akamweleza habari za msichana wa Kasigau aliyefukuza ndovu shambani kwa kupiga sufuria, halafu msichana huyo akacheka mpaka akakaa chini. Mkamburi akasogeza kiti karibu, akasikiliza jinsi msichana yule alivyopendwa.