Maganda ya Karanga Tanurini

Babu mwoka mikate alizoea kuni, nazo kuni sasa zilikuwa adimu kama maziwa ya kuku. Ndiyo maana alimkubalia mjukuu wake, mkemia wa maabara ya nishati, kujaribu maganda ya karanga. Yakishindwa, tanuri lingezimwa na jengo lipangishwe.

Jaribio la kwanza lilishindwa. Mkate ulitoka mweupe, umenywea katikati.

"Mke wangu," Babu alimtania mjukuu wake kama alivyomtania tangu utotoni, "maganda yako yana moto wa mshumaa."

"Maabarani yaliwaka kuliko magunzi ya mahindi, mume wangu. Nimepima mwenyewe."

"Basi kaoke mikate huko huko maabarani."

Bibi, aliyekuwa akikanda unga, alicheka. "Mke mwenzangu, mwache. Akinuna, atakayesumbuka ni mimi."

Mjukuu alikuwa ameshainama mlangoni mwa tanuri. Alishika sinia baridi juu ya moshi, akaligeuza. Upande wa chini ulijaa vitone vya maji.

"Babu, tazama! Moto unakausha maganda kabla ya kuoka mkate. Lakini yalifika hapa makavu. Maji haya yametoka wapi?"

Swali lile lilimwingia Babu. Akayatazama magunia, akaitazama sakafu aliyoifagia mwenyewe alfajiri, kisha macho yakatua kwenye kopo la kunyunyizia maji, limetundikwa msumarini. Hakuna aliyemwona akilitumia. Angeweza kunyamaza, na lawama zikabaki kwa maganda. Akalitungua.

"Ni mimi," akasema. "Kila gunia nililinyunyizia kopo zima kabla ya kulimimina. Vumbi lake lingeingia kwenye unga, nami sijapata kuuza mkate wenye mchanga."

"Jamani!" Bibi alipiga makofi ya unga. "Tanuri linamwagiliwa kama bustani, kisha linalaumiwa kwa kutooka!"

Mjukuu hakucheka. Macho yalimng'aa. "Kumbe! Sikufikiria vumbi hata kidogo. Maabarani hatukandi unga."

"Na mimi unga wangu siuchezei," Babu alisema. "Bila maji, vumbi litakwenda wapi?"

Babu na mjukuu wakalizunguka tanuri, wakigonga ukuta. Upande wa uani palikuwa na tundu pana la kutolea majivu. Babu akaingiza kijiti kirefu hadi mwisho, akapapasa.

"Maganda tuyatilie hapa," akasema taratibu. "Vumbi libaki nje, unga ubaki ndani."

Walimimina gunia kavu. Moto ulinguruma hadi Bibi akarudi nyuma. Mkate ulipotoka, Babu aliugonga chini kwa kidole. Ukaitika kama mlango. Ganda lake lilikuwa na rangi ya asali.

"Nitafute mpangaji?" Bibi aliuliza.

Babu hakumsikia. Alikuwa amechutama uani, akiyachambua majivu ya moto kwa kijiti.

"Mke wangu," akaita, "pumba za mpunga nazo umezipima?"