Nyundo ya Mzee Randa

Basi bwana, Mzee Randa, fundi seremala asiyejua kustaafu, aliingia maabara kwa mjukuu wake akiwa na koti jeupe lililomfika magotini, akajiona daktari kabisa. Mjukuu huyo, binti mtafiti, alimkwangua ngozi kidogo mkononi mwaka juzi, akaiotesha hadi ikawa vipande vya ubongo. Ndiyo, ubongo! Vidogo kama punje za dengu, vimelala kwenye vibakuli.

"Kwa hiyo humo ndani ni mimi?"

"Ni chembe zako tu, babu. Haziwazi chochote."

"Basi ni mimi hasa. Muulize bibi yako."

Binti alicheka nusu. Kazi yake ilikuwa kuvipiga vipande hivyo kwa chuma kidogo kinachodondoka, ajue ubongo wa mtu aliyeanguka au kugongwa huumia vipi. Lakini kimoja kiliumia sana, kingine kidogo, na chuma ni kilekile. Mkuu wake alishasema: majeraha yasipolingana leo, kazi inafungwa. Miaka miwili yote, bure!

Akadondosha chuma kwenye kibakuli kitupu cha kujaribia.

"Unapiga mara mbili," mzee akasema.

"Mara moja, babu!"

"Masikio haya yamekaa na nyundo miaka hamsini. Ko, halafu ko nyingine ndogo kwa chini. Chuma kinaruka, kinarudi."

Wakapiga video kwa simu, wakaiangalia polepole. Kweli, kinaruka, tena kila mara kivyake.

"Sisi mafundi, nyundo tusiyotaka iruke tunaiachia uwazi ndani, tunatia mchanga. Ikitua, mchanga unaikalia. Hairuki ng'o."

Binti akakata kijibomba, akatia vigololi vya chuma, akaacha nafasi vicheze, akapima uzito uwe sawa na wa kile chuma, akaziba. Akadondosha. Ko. Basi.

Vikapigwa vipande sita. Mzee alikunja uso kila mara, utadhani anachomwa sindano. Wakatia rangi inayoonyesha chembe zilizoumia, wakasubiri.

Mkuu akaja, mama wa maneno machache, akainamia darubini. Akatazama cha kwanza. Akatazama cha sita. Akarudia vyote.

"Vimelingana," akasema. "Nani katengeneza nyundo hii?"

Binti akamsukuma babu yake mbele.

"Haya, endeleeni. Ila wewe mzee usiondoke, meza ya ofisini kwangu inayumba."

Mjukuu hakusikia. Alishaanza kuandaa vibakuli vya kesho, huku anaimba.