Wimbo wa Sitini na Moja

Mume wangu alikuwa na teksi, na hata nyumbani nilimwita Dereva. Yeye aliendesha, mimi nikampangia nyimbo. Redio ya gari lake ni ya zamani, haina tundu la flashi, inakula diski tu, na hizo nazo inazichagua kama mgonjwa anavyochagua chakula. Tuliijaribu kwa diski saba, ikatema sita. Ikabaki moja, ya aina ile inayofutika na kuandikwa upya.

Redio hiyo haijali jina la wimbo. Uliotangulia kuingizwa ndio unaotangulia kupigwa. Basi nilikuwa nakaa kwenye kompyuta, Dereva nyuma yangu na kikombe chake cha chai, ananiambia weka huu, sasa huu, nami naingiza mmoja mmoja. Nyimbo mia na kumi na mbili. Waimbaji wawili wa kike hakutaka wafuatane, alisema watagombana humo ndani. Binti yetu alimcheka kwamba anapanga nyimbo kama anavyopanga abiria, wanene mbele.

Wimbo wa sitini na moja ulikuwa na tabu yake. Siku moja Dereva aliangusha ufunguo juu ya diski, ukaacha mkwaruzo mdogo, urefu wa punje ya mchele. Ikifika hapo redio inakwama, naye anapiga dashibodi kwa kiganja mara mbili na kusema, "Twende, mzee mwenzangu." Inaendelea.

Sasa ni miezi mitatu tangu tumzike. Teksi anaendesha binti yetu, na wiki zote hizo aliendesha redio imezimwa. Siku moja baada ya chakula cha mchana alinikuta jikoni nachambua maharage, akavuta kigoda, akasema ameshindwa. Akiwasha redio, ni kama baba yake amekaa kiti cha nyuma. Akizima, usingizi unamchukua, na juzi nusura apande ukingo wa barabara na abiria ndani. Akaomba niifute ile diski nimwekee nyimbo zake.

"Za baba si zimo kwenye kompyuta, Mama?"

Nikamwambia zimo. Zimo kweli, ila zimechanganyika ovyo na nyingine elfu. Mpangilio wake ulikuwa kwenye diski tu. Hilo sikumwambia.

Jumapili mbili, gari likiwa limepumzika, nilikaa kiti cha mbele na daftari, nikaandika wimbo kwa wimbo. Wa sitini na moja ulipokwama sikupiga kitu. Nilifunga vifungo vyote vya sweta yangu, kuanzia chini, ndipo ukaendelea wenyewe. Sikulia. Vidole tu vilikuwa baridi.

Jumatatu niliipangusa diski kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje. Kompyuta ikauliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo. Ilichukua dakika nne. Nikasuuza kikombe, nikarudi kuingiza nyimbo za binti, kwa mfuatano alioniandikia.

Alhamisi alinipeleka kliniki kupima presha. Alikuwa amezunguka na diski tangu asubuhi, na uso wake ulikuwa umechangamka kidogo. Wimbo wa hamsini na nane, wa vijana, wenye kelele nyingi, ukafika kwenye ule mkwaruzo, ukakwama katikati ya neno.

Binti hakuondoa macho barabarani. Kiganja chake kikapiga dashibodi mara mbili.

"Twende, mzee mwenzangu."

Wimbo ukaendelea. Mkono wake ulirudi kwenye usukani polepole. Tulipita mataa mawili.

"Diski imechoka, Mama," akasema mwishowe. "Nitafute nyingine?"

"Iache."

Akaiacha. Wimbo wa sitini na moja ulipoingia niliitazama ile namba yake kwenye kioo cha redio. Ulipita wote, mpaka mwisho, bila kukwama.