Vishikwambi vya Darasa la Tatu

Vishikwambi vipya vilipofika shuleni, mwalimu wa chekechea alikataa katakata kuvipokea.

"Wangu bado," alimwambia mwalimu mkuu. "Wapelekee darasa la tatu. Hawa waache kwanza wafinyange udongo, waimbe, wagombane na kupatana."

Maneno yakawafikia wazazi. Kwenye kikao, fundi simu mmoja, ambaye binti yake alikuwa chekechea, alisimama mishipa ya shingo imemtoka.

"Mwalimu, unatuchelewesha! Mwanangu ana miaka minne, na simu anafungua mwenyewe!"

"Hongera, baba. Na kifungo cha sweta je, anafunga?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Fundi akaketi, uso umemshuka. Lakini mwalimu mwenyewe alirudi nyumbani roho haijatulia. Je, kama kweli anawachelewesha?

Asubuhi fundi alikuwa anamngoja getini. "Mwalimu, nimemjaribu. Hawezi. Na nikimnyang'anya simu, analia mpaka sauti inamkauka."

"Basi tumsaidie wote, baba. Mimi huku, wewe nyumbani."

Binti akakua, akaingia darasa la tatu, akakabidhiwa kishikwambi. Yeye na wenzake walishinda nyuma ya jiko la shule wamelala kifudifudi, wakipiga picha za sisimizi na kubishana kuhusu kila walichokiona.

Siku ya wazazi, mapazia yakashushwa, picha zikaonyeshwa ukutani. Zilipofika katikati, umeme ukakatika. Watu wakaanza kunong'ona. Fundi akainuka haraka kwenda kukagua nyaya.

"Baba, kaa tu," binti yake alisema kutoka mbele. "Ninaendelea."

Akavuta pazia, akaokota chaki, akachora njia ya sisimizi ubaoni. Akaeleza wanavyosaidiana kubeba punje ya mchele, wenzake wakidakia. Mzazi akitupa swali, wanalijibu, wasilolijua wanasema, "Hilo bado tunalichunguza." Watu wazima wakasogeza viti mbele. Umeme uliporudi, hakuna aliyegeuka kutazama ukuta.

Fundi alikuwa amepanda juu ya kiti. "Huyo wangu! Jamani, huyo wangu!"

Mwalimu mkuu akamwinamia mwalimu wa chekechea. "Ulikuwa sahihi, dada."

Hakumsikia. Yeye, ambaye hata kwenye harusi hukaa kimya, alikuwa anapiga vigelegele kuliko wote.