Siku Saba Mahali Pamoja

"Na kitanda chetu je?" mkewe aliuliza kutoka mlangoni, mikono kiunoni. "Nacho ni jengo?"

Kifungu alikuwa amepiga magoti chumbani, futi ya kupimia mkononi, akiukodolea macho mguu wa kitanda chake cha ndoa kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana. Nguzo nne. Juu yake chandarua, na chandarua, ukikitazama kwa jicho la sheria, ni paa. Tena kitanda kilikuwa papo hapo tangu siku ya harusi, miaka kumi na minne.

"Kwa maneno niliyoandika jana," alijibu kwa huzuni, "ni jengo."

"Yaani tumelala miaka yote hiyo bila kibali? Na watoto watatu juu yake!"

Mke alicheka hadi akajishikiza ukutani. Kifungu hakucheka. Alichomoa penseli nyuma ya sikio, akachomeka neno "nje" katikati ya sentensi yake, na kitanda kikanusurika.

Jina la Kifungu alipewa kazini, kwa sababu hakuweza hata kuomba chumvi bila kutaja kifungu kinachomruhusu. Alikuwa karani wa masijala katika halmashauri ya mji, mwaka wa ishirini na mbili huo, mtu wa mafaili na vumbi lake. Halmashauri ilipoamua kutunga sheria ndogo ya ujenzi na matumizi ya ardhi, wakubwa waligawana sehemu nono: ramani, vibali, adhabu. Ukurasa wa kwanza, ule wa maana ya maneno, haukutakiwa na mtu. Wakamtupia yeye.

Aliupokea kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga. Kikao cha kwanza alisoma kwa sauti ya kutetemeka: "Jengo ni kitu kilichojengwa." Diwani mmoja akauliza mbona asiongeze na kwamba mpishi ni mtu anayepika, na kicheko kilichofuata kilimwaga chai mezani. Kifungu alirudi nyumbani bila hamu ya kula. Aliapa kwamba safari hii ataandika sentensi ambayo hata sisimizi hapati pa kupenya.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa moja tu: kila sentensi lazima aijaribu kwa vitu. Saa za mapumziko alitoka na karatasi yake, akaketi kwenye benchi mtaani, mahali penye kivuli, na kuanza kuwahukumu majirani. Mwavuli wa muuza vocha: una paa, una nguzo, ila jioni unakunjwa, umepona. Gari bovu la fundi matairi: lina paa, limekaa juu ya mawe mwaka wa tisa, na kuku wanataga ndani, limenasa. Kijumba cha mlinzi wa ghala: kimenasa bila ubishi. Fundi matairi alipomwona analikodolea macho gari lake alimwambia, "Mzee, kama unalitaka sema. Halina injini." Kifungu akamjibu kwamba halihitaji injini ili liwe jengo.

Baada ya wiki tatu sentensi ilikamilika. Jengo maana yake ni kitu chochote chenye paa lililoshikiliwa na kuta au nguzo, kilichosimama nje, mahali pamoja, kwa zaidi ya siku saba. Na jengo lisilo na kibali, likiwa kwenye hifadhi ya barabara, litavunjwa. Madiwani walisikiliza, wakatafuta pa kucheka, wakapakosa. Sheria ikapita. Kifungu alitembea kurudi nyumbani kifua mbele, shati lake limenyooka, na moyoni alikuwa na raha ambayo hakuwahi kuipata tangu mtoto wake wa kwanza azaliwe.

Siku ya nne, nguzo ya banda la Mama Mdogo ilipigwa alama ya msalaba kwa rangi nyekundu.

Mama Mdogo alikuwa mdogo wake marehemu mama yake. Ndiye aliyemlea tangu ana miaka sita, kwa pasi ya mkaa na meza moja, chini ya bati lililobebwa na nguzo nne kando ya barabara. Sare zake za shule zilikuwa na mkunjo mkali hadi wenzake walidai unakata mkate. Mpaka leo hii, mtu mzima na mke wake, Kifungu alipita pale kila asubuhi kuchukua shati. Na lile benchi alilokalia wiki tatu, mahali penye kivuli, akiwahukumu majirani wote kushoto na kulia? Lilikuwa la Mama Mdogo. Kile kivuli kilikuwa cha bati lake. Alipima kila kitu mtaani isipokuwa kilichokuwa juu ya kichwa chake. Nyani haoni kundule, na Kifungu siku hiyo alikuwa nyani mwenye futi.

Alipofika, mkaguzi wa halmashauri, kijana nadhifu anayependa kanuni kuliko chakula, alikuwa anafunika kopo lake la rangi.

"Siku saba, mama," mkaguzi alisema kwa adabu. "Jumatatu tunakuja kuvunja. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Mama Mdogo, pasi ikiendelea kwenda na kurudi juu ya suruali ya mtu. Mkaguzi alipoondoka, akamgeukia Kifungu. "Huyu mtoto ana heshima. Ila nani kaandika huo upuuzi?"

Kifungu alitazama viatu vyake. "Mimi, Mama."

Pasi ilisimama. Katika miaka yote aliyomjua, Kifungu hakuwahi kuiona pasi ile ikisimama juu ya nguo.

"Wewe."

"Mimi."

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Mama Mdogo polepole, "na mimi ndiye niliyeipiga pasi hiyo nguo." Kisha akaiinua haraka, maana suruali ilianza kunuka. "Haya, nisomee. Nijue nauawa na maneno gani."

Alimsomea. Aibu ilimpanda, lakini sauti yake, bila ridhaa yake, ilijaa fahari ilipofika kwenye nguzo. Mama Mdogo alisikiliza akipuliza majivu.

"Rudia mwisho."

"Kilichosimama nje, mahali pamoja, kwa zaidi ya siku saba."

"Kikisimama siku sita?"

"Si jengo."

"Ni nini?"

Kifungu alifikiri. "Sheria haisemi. Ni kitu tu."

"Mimi sina shida na kuitwa kitu," alisema Mama Mdogo, akakunja suruali.

Jumapili jioni aliita wanaume wanne: fundi matairi, muuza vocha, mlinzi wa ghala na muuza magazeti. Walichimbua nguzo, kila mmoja akakumbatia yake, na banda zima likainuka na bati lake, likasogea hatua moja ndefu, likasimikwa kwenye mashimo mapya. Mama Mdogo alitembea chini ya bati akiwaelekeza. Hakutoka kivulini.

Jumatatu mkaguzi alikuja na vibarua wawili na nyundo. Alipima. Akatazama mashimo manne matupu, akatazama banda, akatoa nakala ya sheria mfukoni na kusoma ukurasa wa kwanza akisogeza midomo. Alisoma mara mbili.

"Kwa hiyo hesabu inaanza upya," alisema, akionekana kuumwa tumbo.

"Leo siku ya kwanza," Mama Mdogo alikubali. "Lete hilo shati lako, mwanangu, kola imelala."

Ikawa hivyo wiki ya pili, na ya tatu. Mtaa mzima ulishika mchezo. Kijumba cha mlinzi kilihama. Gari bovu la fundi matairi, lililokuwa halijatembea miaka tisa, likasukumwa kila Jumapili, kuku wakiwa ndani, na fundi akaanza kujisifu kwamba limepona. Ofisini wenzake Kifungu walimwuliza kama na masijala itahama. Alivumilia. Alikuwa na raha ya siri, na pia hofu, maana Mama Mdogo alikuwa na pande mbili za kusogelea na alikuwa amechagua moja: kuelekea lango la halmashauri.

Mkuu wa idara aligundua wiki ya sita. Alimwita Kifungu dirishani, akamwonyesha bati likimetameta mwisho wa barabara.

"Nimepiga hesabu. Mwakani mwezi wa tatu, yule mama atakuwa anapigia pasi mlangoni kwangu."

"Wa nne, mzee," alisema Kifungu. "Kuna mtaro."

Mkuu hakutabasamu. "Wewe ulitoboa, wewe uzibe. Jumatatu asubuhi nataka marekebisho mezani. Yasipokuwepo, weka barua yako ya kuacha kazi. Moja kati ya hizo mbili."

Kifungu alienda masijala, akafunga mlango, akakaa. Ukweli uliomuumiza ni huu: kuziba lile tundu kulimchukua dakika nne. Sentensi ilikuja yenyewe, nyepesi, kamili, maneno kumi na mawili yasiyoacha mwanya: kusogezwa kwa umbali wowote ndani ya mtaa uleule hakutakatisha hesabu ya siku. Ilikuwa sentensi bora kuliko zote alizowahi kuandika. Aliisoma akitaka kulia. Akaipiga chapa, nakala moja, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni.

Jumapili jioni alikwenda kuijaribu, kama ilivyokuwa kawaida yake. Safari hii alitazama juu. Bati lilikuwa na matundu matatu, na moja limezibwa kwa kipande cha sare yake ya darasa la pili; rangi ilikuwa imekwisha lakini mkunjo ulionekana bado.

"Umechelewa," alisema Mama Mdogo. "Fundi matairi mgongo umekataa. Ni lile gari lake. Nina nguzo nne na wanaume watatu." Akamwangalia mfuko. "Hiyo ni nini?"

"Karatasi ya ofisi. Ya kesho."

"Ndiyo umeikunja namna hiyo? Mtu aliyelelewa na mimi apeleke makunyanzi kwa mkubwa wake? Lete."

Aliitandaza mezani. Macho yake yalipita juu ya mistari, taratibu, mpaka mwisho, na uso wake haukusema lolote. Akaipiga pasi mara moja, mbili, ikanyooka. Upepo ukataka kuipeperusha. Wale wanaume watatu walishaanza kuita, "Mzee Kifungu, tunaelemewa huku!" maana nguzo tatu zilikuwa juu na ya nne inaning'inia, bati lote limeinamia upande wake.

Kifungu alikimbia, akakumbatia nguzo. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, na magamba ya ile rangi nyekundu yakanata kwenye shati lake la Jumapili.

"Utaweza?" Mama Mdogo aliuliza.

"Ni yangu hii, Mama."

"Ng'ombe haelemewi na nunduye. Haya, nyanyueni!"

Banda likaanza kutembea. Meza, kama kawaida, ilibaki nyuma ihamishwe mwisho, peke yake juani, na juu yake ile karatasi. Ili upepo usiichukue, Mama Mdogo alikuwa ameiwekea kitu kizito kilichokuwa karibu na mkono wake.

Muuza vocha ndiye aliyenusa kwanza. "Mzee! Karatasi yako! Pasi inaiunguza!"

Kifungu aligeuza shingo. Moshi mwembamba ulipanda kutoka mezani, na ukingo wa ukurasa ulikuwa tayari wa kahawia. Ilikuwa hatua nane tu, mtu akiachia nguzo. Alimtazama Mama Mdogo, aliyekuwa anatazama mbele, upande wa lango, kama mtu asiyesikia vizuri.

"Nimeshika nguzo," alisema Kifungu. Akaipandisha vizuri begani. "Mashimo yako wapi? Twende hatua mbili leo."