Usifungue Mpaka Wageni Waondoke

Elsie aliniachia barua ndani ya kompyuta, akanikataza kuifungua mpaka wageni wa matanga waondoke. Nilimuuliza kwa nini asiniambie tu kwa mdomo, wakati huo bado alikuwa na nguvu ya kuongea. Akasema, "Wewe Dalmas, ukiambiwa unasikia. Ukiandikiwa unatii." Tulikuwa tumeoana miaka thelathini na moja.

Mimi ni karani. Nilistaafu, lakini ukarani haustaafu. Nilikaa gatini Kisumu miaka mingi nikikagua hati za mizigo inayopanda meli ya Mwanza, na mzigo usio na hati haukupita mbele yangu hata mwenyewe angegaagaa chini. Watu waliniita mgumu. Elsie alisema mimi si mgumu, mimi ni mtu anayeogopa kuamua, ndiyo maana napenda sheria. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, alizoea kumwambia mtu ukweli huku akimfunga kamba za viatu.

Kompyuta aliileta Joram, mtoto wetu wa pekee, aliyekuja likizo kutoka Kanada. Aliiweka sebuleni kwetu Mamboleo, akaiunganisha na waya wa simu, akarudi zake. Elsie akaifumia vitambaa viwili vyeupe, kimoja cha skrini na kimoja cha kibodi, kama vile vya redio na makochi. Mwaka uliofuata alifanyiwa operesheni ya titi, na mkono wake wa kulia ukavimba usirudi. Mtu aliyefundisha nusu ya Mamboleo kuandika herufi akawa hawezi kushika kalamu sawasawa. Aliuonea aibu mwandiko wake, hata orodha ya sokoni hakutaka kuiandika. Basi akawa anapiga herufi mojamoja kwenye kompyuta kwa kidole cha kushoto. Anwani ya barua pepe ilikuwa kwa jina lake, kwa kuwa yeye ndiye aliyemwandikia Joram. Hata mimi nikituma kitu, kilifika kikisema kimetoka kwa Elsie Nasambu.

Barua yangu aliiandika wiki mbili nzima. Nikipita nyuma yake alikuwa anateremsha kitambaa juu ya skrini. Tulikuwa tunaongea Kiswahili nyumbani, mimi Mjaluo yeye Mbukusu, kwa hiyo nilijua imeandikwa kwa Kiswahili. Zaidi ya hapo sikujua kitu.

Alikufa mwezi wa tano mwaka wa tisini na tisa. Tukamzika hapo hapo nyumbani, upande wa jikoni.

Sikulia. Watu walinisifu kwamba najikaza, lakini hakukuwa na kitu cha kukaza. Nilikuwa kama mguu ulioukalia vibaya, unaugusa na unajua ni wako, lakini hausikii. Nilikula nilichopewa. Nilisalimia aliyenyoosha mkono. Kitu kimoja tu kilikuwa na uzito kwangu, nacho ni ile barua, na nilijua nitaisoma siku gani: siku ambayo kiti cha mwisho cha kukodi kitatoka uani.

Lakini wageni hawakuisha. Kwetu Waluo nyumba yenye msiba haifungi lango. Humuulizi mtu wewe ni nani, nani alikwambia, umefuata nini. Hata yule aliyefuata ugali anawekewa kiti na kupewa sahani, na akitaka kulia analia. Wiki ya tatu bado walikuwa wanaingia. Walikuja wa kanisani, waliosoma kwake, wa ukoo wangu kutoka Kajulu, na wakwe kutoka Bungoma waliokuja kwa zamu.

Kati ya hao wakwe alikuwa Wepukhulu, mtoto wa ndugu yake Elsie. Ana kibanda mjini cha kutengeneza kompyuta. Siku moja aliketi kwenye mashine yetu, akaangalia huku na kule.

"Mzee, hii mwaka virusi za email zimekuwa mob sana, ziko kila mahali," akasema. "Sheria ni moja tu. Kama kuna kitu imebandikwa kwa barua na haujui mwenye ametuma, usifungue. Futa."

Niliipenda sheria hiyo. Niliiandika kwenye karatasi, nikaibandika pembeni mwa skrini.

"Na hii barua ya senge," akasema, maana ndivyo Wabukusu wanavyomwita shangazi, "nikuwekee kopi kwa disketi? Mashine ni mashine."

"Alisema isifunguliwe."

"Kukopi si kufungua, Mzee."

"Isiguswe."

"Sawa," akasema, "ni yako."

Jumatano iliyofuata, saa nne asubuhi, niliketi kusoma rambirambi zilizoingia kwa kompyuta. Zilikuwa nyingi siku hizo, Joram alikuwa amewatangazia watu. Nilikuwa nazijibu zote kwa mstari mmoja ule ule. Moja ilitoka kwa Ferdinand Walubengo, nisiyemjua. Kichwa chake kilisema "Rambirambi kwa familia ya Mwalimu Elsie Nasambu", na chini yake kulikuwa na kitu kimebandikwa.

Nikasoma karatasi yangu. Simjui mtumaji. Kuna kitu kimebandikwa. Futa.

Nikainua macho. Kupitia dirishani niliona mzee mmoja mwenye viatu vya mpira, gambuti, anaingia langoni, nami sikumjua. Binti wa jirani alikuwa tayari anamkimbilia na kiti. Walubengo ni jina la upande wa Elsie, yaani mkwe. Mkwe amekuja na pole zake, wewe umwache nje ya lango kwa sababu humtambui? Kama ningefanya hivyo uani, wazee wangenitoza mbuzi. Nikaona sheria ya Wepukhulu ni ya siku za kawaida, na hizi hazikuwa siku za kawaida. Nikafungua.

Ilikuwa rambirambi ya kweli, na imeandikwa vizuri. Huyo Walubengo alisomea ualimu pamoja na Elsie. Alisema Elsie alikuwa akimwazima kalamu, na saa ya kutoka darasani anasimama mlangoni kuidai. Niliisoma mara mbili. Nilijua inachekesha, lakini sikucheka. Kompyuta ikaanza kupiga simu yenyewe, ikakoroma kama kawaida yake, nikadhani ni mipango ya Joram. Nikaifunika kitambaa, nikaenda kumsalimia mzee wa gambuti.

Kesho yake asubuhi simu ililia. Alikuwa Selpha, aliyefundisha na Elsie, siku hizi yuko ofisi ya kanisa.

"Baba Joram," akasema. "Nimepata barua kutoka kwa Elsie. Ya jana. Jana! Tumemzika mwezi jana!"

Nikamwita Wepukhulu. Alikuja kwa boda boda, hata chai hakungoja. Alikaa kwenye mashine nusu saa, mimi nimesimama nyuma yake mahali pale pale nilipozoea kusimama Elsie akiandika.

"Hii kitu ni mbaya, Mzee," akasema. "Ukifungua, inachukua dokumenti moja kwa mashine yako, inajificha ndani, inajituma kwa kila mtu mwenye uko na address yake. Ndio maana ile ya Walubengo ilikuwa rambirambi ya ukweli. Yeye pia hajui. Halafu ikimaliza, inakula dokumenti zote."

"Na barua ya Elsie?"

Hakugeuka. "Imeenda, Mzee. Zote zimeenda. Hata kurudisha haiwezekani."

Nilisikia maneno yote hayo, moja moja. Yalipita. Nilimuuliza kama atakunywa chai, akasema hapana, ana mashine za watu, kisha akasimama. Aliniambia kitu kimoja kilichobaki ni kuwapigia simu wote walio kwenye orodha, wafute barua yoyote iliyotoka kwetu kabla hawajaifungua, la sivyo nao wataumizwa.

Hiyo ilikuwa kazi, na nilikuwa nimekaa wiki tatu bila kazi. Nilitoa daftari, nikaandika majina thelathini na moja, nikachora mistari, nikaanza kupiga simu. Niliwakuta wote. Niliwaambia wafute, na wakishafuta waende kwenye kapu la takataka la kompyuta wafute huko pia. Sikumruhusu mtu kukata simu kabla hajathibitisha, na kila aliyethibitisha nilimwekea alama ya vema. Joram aliwahi kusema kwa ukaguzi wangu Kanada wangenilipa vizuri, siku hiyo nilimwamini.

Selpha nilimpigia wa pili.

"Lakini Baba Joram, hapa juu kuna jina lako, imeandikwa..."

"Usinisomee, Mwalimu. Futa."

"Haya, nimefuta."

"Na kwenye kapu?"

"Na kwenye kapu."

Pasta naye alianza kunisomea, nikamkatiza vile vile. Mjomba wake Wepukhulu, huko Webuye, aliuliza kama haifai kuangalia kwanza, maana imetoka kwa marehemu na huwezi kujua. Nilimwambia marehemu haandiki. Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu, nikaweka alama.

Joram alikuwa wa mwisho, kwa sababu ya saa za Kanada. Alipokea kabla simu haijalia mara mbili.

"Nilishafuta, Baba," akasema. "Jana. Mimi nafanya kazi na vitu hivi, niliona mara moja ni virusi."

"Vizuri. Na kwenye kapu?"

"Na kwenye kapu." Akaongeza: "Lakini, Baba, kile kichwa chake kimenikosesha usingizi. Hii virusi huwa inachukua mstari wa kwanza wa dokumenti, inaufanya kichwa cha barua. Nani aliandika yale maneno?"

"Maneno gani?"

"Dalmas, natumaini hukungoja wageni waondoke."

Nilikuwa na kalamu mkononi, tayari kwa alama. Nikaitazama ile kalamu.

"Baba? Ni nani aliandika?"

"Mama yako," nikasema.

Joram akaanza kulia huko Kanada. Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha nikarudi mwanzo wa orodha. Nilimpigia kila mtu tena, jina kwa jina. Nilimuuliza Selpha kama kwa bahati bado anayo ile barua, akasema kwa fahari kwamba amefuta kila mahali, hata alimwita kijana wa ofisini ahakikishe. Pasta alikuwa amefuta. Mjomba wa Webuye, yule mbishi, alisema, "Nilifuta, mkwe. Uliongea kwa ukali, nikaogopa." Watu thelathini na moja, na hakuna hata mmoja aliyenikaidi.

Nimeyapanga mambo haya mara nyingi kama nilivyokuwa nikipanga hati, na yote yako sawa. Nilitii desturi, nikamtii Elsie, na mwisho nikamtii Wepukhulu. Kwa muda wa siku nzima barua yangu ilikuwa nje, kwenye mashine thelathini na moja, inangoja mtu asome. Nilihakikisha haisomwi. Elsie alinikataza kwa sababu alitaka mara moja tu katika maisha nikatae kukatazwa. Hilo nimelielewa. Kulielewa hakujanisaidia, na zaidi ya mstari mmoja sijui aliniambia nini.

Alasiri ile nilitoka uani. Walikuwepo watu kama kumi na wawili, yule mzee wa gambuti akiwemo, na mama zangu wawili wa Kajulu wanachambua mboga. Nilisimama katikati.

"Naombeni mwende nyumbani," nikasema.

Hawakuelewa. Mama Beldina, mke wa kaka yangu mkubwa, alisimama na kisu mkononi. "Dalmas, unafukuza watu matangani? Umewahi kusikia wapi hiyo?"

"Sijawahi," nikasema. "Nendeni tu. Tafadhali."

Walikwenda wakinigeukia njia nzima. Mzee wa gambuti alibeba kiti chake mwenyewe mpaka ukutani, akanipa mkono, akatoka wa mwisho. Nilifunga lango. Komeo lilikuwa limeshika kutu kwa wiki tatu za kukaa wazi, ikabidi nilipige kwa jiwe.

Kisha nikaingia ndani, nikaondoa kitambaa kwenye skrini, nikakikunja nne, nikaketi. Wageni walikuwa wameondoka.